Barua Iliyokwama Mezani

Wasee, jaribuni hii: uliza mtu yeyote wa rika letu imeli yake inakaa wapi. Atakuangalia kama umerukwa na akili, halafu atakuonyesha simu. Imeli ni Gmail, Gmail iko kwa simu, stori imeisha. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti ya kwanza saiba na yule jamaa wa kaunta, siku ya kuomba HELB ama kutafuta PIN ya KRA, na tangu hapo ni simu tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na dunia nyingine kabisa, na nimekuwa nikiichimba kwa wiki kadhaa sasa kwa sababu naona inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kwa karibu miaka ishirini barua pepe zilikuwa na makao: kompyuta moja, juu ya meza moja. Kulikuwa na programu maalum za kuzisoma na kuziandika, unaiweka kwa kompyuta vile unavyoweka Word. Watu walizipenda vibaya sana. Na nyingi zimekufa. Hoja yangu ni kwamba hazikuuawa na uzee wala na bei. Zilikufa kwa sababu mtu aliinuka kwenye kiti akaenda zake na simu mfukoni, na programu ikabaki hapo mezani ikimngoja.

Tuanze na mkubwa wao, Eudora. Iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani. Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja, na toleo la kwanza lilifanya kazi kwa Macintosh pekee. Jina alilitoa kwa mwandishi Eudora Welty, ambaye ana hadithi fupi ya mtu anayehamia kuishi posta. Dorner alikuwa ameshinda kwa barua pepe mpaka akajiona naye ni mkaaji wa posta. Hiyo ndiyo sababu bora ya kupatia programu jina niliyowahi kusikia. Sai wanatoa vokali mbili kwa neno la kawaida halafu wanaita hilo jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eudora ilichukuliwa na kampuni inayoitwa Qualcomm. Shika hilo jina, tutalirudia.

Sasa, ili uelewe tatizo lilitoka wapi, lazima uelewe POP. Fikiria sanduku la posta, lile la kweli, pale mjini. POP ni kama kwenda na ufunguo, kufungua sanduku, kubeba barua zote na kurudi nazo nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Ndugu yako akienda kuangalia saa moja baadaye hapati kitu, kwa sababu barua ziko chumbani kwako. Programu za kompyuta zilifanya hivyo kwa kawaida: zinapigia seva, zinavuta barua zote, zinafuta nakala iliyobaki kule, zinakata laini.

Na usicheke, ilikuwa akili. Intaneti ilipitia laini ya simu na ililipiwa kwa dakika. Nafasi kwa seva ilikuwa ghali. Hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika yasiyo ya kiserikali yalitumia mtandao wa FidoNet kupitia kituo cha ELCI: barua zinakusanywa, halafu modemu inapiga simu ng'ambo na kuzirusha zote kwa mkupuo. Hakuna mtu angekaa kwa laini ya kimataifa akisoma barua mojamoja. Unavuta, unakata, unasoma polepole bila presha. Ukitaka kujibu unaandika ukiwa nje ya mtandao, majibu yanangoja safari ijayo. Kwa mtu anayehesabu dakika hiyo ni zawadi.

Lakini kumbe dawa ya hili tatizo ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1986, yaani miaka miwili kabla ya Eudora, Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford alibuni IMAP. Wazo lake ni kinyume: barua zibaki posta. Wewe unaenda kuzisomea pale, na ukisoma moja, posta inaandika kwamba imesomwa. Ukija kesho na kompyuta nyingine utakuta kila kitu vile ulivyokiacha. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo kitu simu yako inafanya mpaka leo. Kwa hivyo mtu asiniambie teknolojia haikuwepo. Ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba siku moja utakuwa na kifaa cha pili.

Kifaa cha pili kilipokuja, kilikuja kikiwa kimefungwa kwa meza kama mbuzi. PalmPilot Professional ya 1997 ilikuwa na kitako chake kilichounganishwa kwa kompyuta kwa waya. Unaweka kidude hapo, unabonyeza kitufe, na barua zinanakiliwa kutoka kompyuta kuingia kwa kidude. Unapanda basi, unasoma, unaandika majibu. Majibu hayaendi popote. Yanangoja urudi, uweke kidude kwa kitako na ubonyeze tena. Ni kama kutuma mtu na barua halafu unamkuta jioni bado ameketi mlangoni kwako.

Halafu Canada wakaja na BlackBerry, mwaka 1999. Hii sehemu naipenda sana. Sisi tunaijua BlackBerry kama simu ya watu walioomoka, ile ya kubadilishana PIN. Ila ya kwanza kabisa, ile 850, ilifanana na peja, na siri yake haikuwa kwenye mkono wako. Ilikuwa mezani. Kulikuwa na programu ndogo iliyokaa kwa kompyuta yako ya ofisi ikiangalia barua zinazoingia, na kila barua ikifika, inaisukuma hewani mpaka kwa kidude. Sharti moja: kompyuta lazima ibaki inawaka. Ukiizima ukienda nyumbani, ama stima ipotee, umekatika. Fikiria hiyo Nairobi. Baadaye walitengeneza seva ya kampuni nzima ifanye hiyo kazi, na ndipo BlackBerry ikawa BlackBerry. Septemba 2001, wakati simu za kawaida zililemewa New York na Washington, barua za BlackBerry ziliendelea kupita, na baada ya hapo kila mkubwa wa Marekani alitaka moja.

Angalia kilichotokea hapo kimyakimya. Programu ya mezani ilikuwa ni ileile. Watu waliendelea kutumia Outlook yao ya zamani. Aliyechukua pesa na nguvu ni yule aliyebeba barua kutoka meza mpaka mfukoni. Kwa hii historia yote huyo mbebaji ndiye anashinda, kila mara, hata kama programu yake ya kusomea ni mbaya.

Turudi kwa Qualcomm, kwa sababu hapa ndipo naumia. Qualcomm ni kampuni ya nini? Ya simu! Huenda hata chipu iliyo ndani ya simu unayosomea hii stori ni yao. Mwaka 1999 walikuwa wanauza pdQ, simu iliyokuwa na Palm ndani yake, miaka minane kabla ya iPhone. Wakati huohuo walikuwa wanamiliki Eudora, mojawapo ya programu za barua zilizopendwa zaidi duniani. Kulikuwa hata na toleo la Eudora la vifaa vya Palm. Yaani kampuni moja ilikuwa na meza, ina mfuko, na ina barua yenyewe. Walichobakisha ni kuvishona pamoja kiasi kwamba mtu wa kawaida asisikie mshono. Badala yake walikabidhi biashara ya kutengeneza simu kwa Kyocera ya Japani, na Eudora ikaachwa izeeke kwa kompyuta.

Mwaka 2007 umebeba kila kitu. Machi, Safaricom wanazindua M-Pesa na pesa zinahamia kwa simu. Mei mosi, Qualcomm wanaacha kuuza Eudora. Juni, iPhone inaingia madukani. Miezi minne hiyo! Programu bora ya barua ilifungiwa duka wiki nane kabla ya simu ambayo ingeihitaji. Msimbo wake ulikuja kutolewa bure mwaka 2018 na Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko California. Makumbusho, jamani. Pamoja na mifupa.

Na Gmail? Gmail ilizinduliwa Aprili mosi 2004, na wengi walidhani ni mzaha wa siku ya wajinga kwa sababu ilitoa gigabaiti moja wakati Hotmail ilikuwa inatoa megabaiti mbili. Watu wanakumbuka nafasi. Mimi naona nafasi ndiyo iliyozaa jambo kubwa zaidi: barua hazikuhitaji tena kuondoka posta. Hakuna kitako, hakuna kitufe, hakuna kompyuta ya kuachwa ikiwaka. Simu ilipofika, barua zilikuwa tayari zimeshafika.

Kwa Kenya hii ilikuwa na maana mara mbili. Wazazi na makaka wetu waliingia mtandaoni kupitia saiba, na saiba kompyuta si yako. Programu ya POP kwa kompyuta ya saiba ni kumwachia mteja anayefuata barua zako zote. Kwa hivyo hapa watu waliruka hiyo hatua wakaenda moja kwa moja kwa Yahoo na Hotmail, halafu Gmail, halafu Android. Sioni kama tulichelewa. Tuliona mapema kwamba barua lazima ikufuate, kwa sababu hatukuwa na meza ya kuiwekea.

Ila mbebaji hana bure. Kwa miaka mingi mashine za Google zilipitia maandishi ya barua za watu ili kuchagua matangazo ya kuwaonyesha, na ni mwaka 2017 ndipo kampuni ilitangaza itaacha hiyo tabia. Mei 2022 ikafunga mlango mwingine: programu za nje zinazoingia Gmail kwa jina na nywila tu zilianza kukataliwa. Usalama, sawa, nakubali, nywila zetu ni za aibu. Lakini mtu aliyekuwa bado anatumia programu ya zamani kwa akaunti yake binafsi aliamka akakuta ufunguo haufungui, na hakuulizwa.

Sasa hapo ndipo programu za kompyuta zilipaswa kuwa njia ya pili. Ukitaka barua zako ziwe na nakala nyumbani, kwa diski yako, unazoweza kutafuta hata bila bando, ndiyo kazi yao. Na wengi wangezitumia, kama tu zingekuwa na mkono kwa simu. Badala yake tuliona nini? Julai 2012 pekee yake inatosha kukuliza. Mozilla, wenye Firefox, walitangaza kwamba hawatawekeza tena kwa vitu vipya ndani ya Thunderbird, programu yao ya barua iliyotolewa 2004. Mwezi huohuo Google walinunua Sparrow, kampuni ndogo ya Ufaransa iliyokuwa imetengeneza programu safi ya barua kwa Mac na mwaka huo ikaileta kwa iPhone. Wakainunua, wakawachukua watengenezaji, programu ikaisha. Mwaka uliofuata Dropbox wakanunua Mailbox, ambayo ilianzia kwa simu na ilikuwa inaelekea kwa kompyuta. Mapema 2016 nayo ikafungwa. Waliothubutu kuunganisha pande mbili walimezwa. Asiyethubutu alisimama mahali pamoja.

Hata Microsoft, na pesa zote zile, haikujenga Outlook ya simu kutoka sifuri. Desemba 2014 ilinunua kampuni changa inayoitwa Acompli, na mwezi uliofuata ikabandika jina la Outlook juu ya kazi yao. Wiki chache baadaye, Februari 2015, idara ya kompyuta ya Bunge la Ulaya ikawazuia wabunge na wafanyakazi kuitumia. Sababu? Ili kukupelekea barua haraka, programu ilikuwa inapitisha barua zako na vitambulisho vyako vya kuingilia kwa seva zake yenyewe, katikati ya safari. Unaona? Barua haitoki tena mezani kwenda mfukoni. Inapitia kwa nyumba ya mtu.

Hiyo ndiyo maana nasema hili jambo si la wazee wa kompyuta peke yao. Programu ya mezani isiyo na upande wa simu haikulindi. Inakusukuma tu kwa yule aliye na seva, kwa sababu hakuna mwanadamu atakubali kusoma barua ya mahojiano ya kazi siku mbili baadaye eti kwa sababu ya msimamo.

Na kwa ofisi zetu hii bado inaendelea sai. Nilifanya mafunzo ya kazini mahali fulani hapa mjini, sitapataja. Walikuwa na anwani nzuri zenye jina la kampuni, na barua zote zilivutwa kwa POP mpaka kwa kompyuta moja ya mapokezi. Bosi akiwa njiani akitaka kujua mteja amesema nini, anapiga simu, na yule dada wa mapokezi anamsomea barua kwa sauti. Nikidhani ni mchezo. Mteja akituma hati Jumamosi, anajibiwa Jumatatu. Siku moja diski ya hiyo kompyuta ikafa. Barua za miaka sita, makubaliano ya bei, risiti, kila kitu. Fundi aliitwa, akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata kila mtu ofisini alifungua Gmail yake binafsi na kuanza kuandikia wateja kutoka huko, na wafanyakazi wakiondoka wanaondoka na mazungumzo yote. Tumetoka barua kukwama mezani tukaenda barua kutokuwa na mwenyewe, na katikati hapo kulikuwa na njia ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Njia yenyewe imefika, ingawa kwa mwendo wa kobe. Thunderbird haikufa. Iliendelea kushikiliwa na wanaojitolea na michango ya watumiaji, na tangu 2020 ina kampuni yake ndani ya familia ya Mozilla. Juni 2022 walitangaza kwamba K-9 Mail, programu huria ya barua ya Android iliyokuwepo tangu 2008, inajiunga nao. Hawakununua wakaua. Walichukua wakaendeleza, na jina la K-9 halikutupwa. Oktoba 30, 2024, Thunderbird ya Android ikatoka rasmi.

Hesabu. Thunderbird 1.0 ya kompyuta ilitoka Desemba 2004. Ni karibu miaka ishirini kamili kutoka meza mpaka mfuko. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo alikuwa amemaliza Form Four, ana kitambulisho, na labda ana akaunti tatu za Gmail zenye nywila alizosahau.

Nimeijaribu, kwa hivyo niwaambie ilivyo. Kwa kompyuta unachagua kuhamishia akaunti zako kwa simu, inakutolea msimbo wa QR, unaupiga na simu, na akaunti zinaingia na mipangilio yake. Hakuna kuandika majina ya seva kwa kidole gumba. Kwa sababu ni IMAP, ukisoma barua kwa matatu utaikuta imesomwa ukifika kwa kompyuta, na programu inaongea moja kwa moja na posta yako bila kupitia kwa nyumba ya mtu. Kinachokosekana: zile kanuni unazoweka kwa kompyuta za kupanga barua, kwamba za shule ziende huku na za matangazo ziende kule, hazihamii kwa simu. Kama kompyuta imezimwa, barua zinaingia kwa simu zikiwa zimechanganyika mpaka uiwashe. Ndiyo, mwaka huu, tumerudi kwa ile sharti ya BlackBerry ya 1999. Hicho ndicho kitu ningewadai kwanza, kabla ya rangi mpya na ikoni mpya.

Na kama mzazi wako ama mjomba ana ofisi yenye anwani zake, jioni ya leo mwombe dakika tano kwa ile kompyuta. Fungua mipangilio ya akaunti, angalia imeandikwa POP ama IMAP. Ikiwa ni POP, usibadilishe chochote kabla ya kunakili barua zote zilizo ndani ya hiyo mashine kwa diski nyingine, maana huenda hakuna nakala mahali pengine popote.